Iringa tunalisha nchi, watoto wetu wamedumaa: tulichobadilisha kwenye sufuria ya shule

Mama Kinyungu (mleta uzi)

Habari zenu wanajamvi.

Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo naliandika lote. Mimi ni mkulima na mzazi wa watoto watatu, naishi Kilolo mkoani Iringa, na huu ni mwaka wangu wa nne kwenye kamati ya chakula ya shule ya msingi ya kijijini kwetu. Shule ina watoto 380. Jina lake sitalitaja.

Tuanze na hali yetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ni 57. Njombe na Rukwa ni 50. Isomeni tena hiyo mikoa mitatu. Ndiyo inayojaza maghala ya nchi hii. Mahindi yanatoka kwetu, maharage yanatoka kwetu, viazi mviringo, njegere, na siku hizi maparachichi yanayopanda meli kwenda Ulaya. Kwa hiyo mtu asiniambie shida ni njaa. Mtoto wa huku anashiba. Anashiba ugali wa sembe mchana, ugali wa sembe usiku, asubuhi kiporo chake na chai ya rangi, na mboga ya kuteremshia tu.

Shule nayo ilikuwa hivyo hivyo. Makande karibu kila siku, siku moja moja ugali, mahindi mengi, maharage ya kuhesabu, jani kwa nadra, tunda hakuna. Tukawa tunasema watoto wanakula shuleni, na kwenye taarifa inaandikwa kwamba wanakula.

Najua udumavu unajengeka ndani ya siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka mtoto afike miaka miwili. Akifika darasa la kwanza muda huo umeshapita. Lakini binti wa darasa la sita leo, baada ya miaka kumi ndiye atakayekuwa anakoroga uji wa mwanawe. Kama shuleni miaka saba hajawahi kuona mboga ya majani kwenye sahani, ataijulia wapi? Hilo ndilo lililonifanya niingie kwenye kamati.

Kosa tulilokuwa tunafanya kila mwaka ni kuanza na mchango. Kikao kinaitwa, mwenyekiti anataja debe ngapi, wazazi wanalalamika, tunatawanyika. Mwaka mmoja tukafanya kinyume. Wanakamati wanne tulikaa jikoni wiki nzima na mama mpishi, tukiangalia tu kinachoingia kwenye sufuria na kinachomwagwa.

Tuliyoyaona ni haya. Maharage yalikuwa hayalowekwi, yanaingia makavu saa kumi na mbili asubuhi, na ili yawahi kuiva yanatiwa magadi. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaua vitamini za kundi B. Siku mboga zikipatikana, zilikuwa zinakatwa kwanza ndipo zinaoshwa, kisha zinachemshwa na maji yake ya kijani yanamwagwa nyuma ya jiko. Ile kijani inayomwagwa pale ndiyo mboga yenyewe. Na mahindi ya ugali yalikuwa yanakobolewa: tunamlipa mwenye mashine atutolee pumba, tunamwachia pumba akalishe nguruwe, halafu tunarudi na wanga mtupu kwa watoto.

Mama mpishi hakuwa na kosa. Hakuna aliyewahi kumwambia. Alikuja afisa lishe wa halmashauri siku moja tu, akakaa naye kwenye kigoda asubuhi nzima, na siku ile moja ilifanya kazi kuliko semina zote nilizohudhuria. Tangu hapo maharage na mahindi ya makande yanalowekwa jioni kwenye mapipa mawili yenye mifuniko. Asubuhi maji yanamwagwa, yanatiwa mapya, hakuna magadi. Kuni zilizokuwa zinakwisha kwa siku tatu zikaanza kufika siku tano. Mboga inaoshwa nzima, inakatwa, inaingia sufuriani mwishoni kabisa. Na mahindi ya ugali hayakobolewi tena, yanasagwa na pumba zake, yaani dona.

Kisha ubao. Huu ndio ninaoupenda kuliko yote. Pembeni mwa dirisha la jiko tulitundika ubao mweusi wa zamani, tukauchora mistari sita kwa yale makundi sita ya chakula: nafaka na mizizi, mikunde, vya asili ya wanyama, mboga, matunda, mafuta. Kila siku wanafunzi wawili wa darasa la tano wanakuja jikoni saa nne, wanafunua sufuria, wanaandika kilichomo. Kusipokuwa na kitu, mstari unabaki wazi na kila anayepanga foleni na sahani anauona. Wiki ya kwanza mistari minne ilikuwa wazi kila siku. Siku ya Jumatano, mtoto mmoja wa kiume, mdogo kuliko wenzake, alifika na maparachichi matano kwenye mfuko wa madaftari. Alimpa mama mpishi, akaenda moja kwa moja kwenye ubao na chaki akaandika "parachichi", herufi kubwa mpaka zikatoka nje ya mstari. Maparachichi matano kwa watoto 380. Mama mpishi aliyakata vipande vidogo vidogo akawapa darasa la awali.

Jioni ile baba yake alikuja kuuliza kulikoni mtoto anabeba parachichi shuleni. Ndipo tukapata hoja ya kuzungumza na wazazi. Huku kwetu wanunuzi wa maparachichi aina ya Hass wanapima ukubwa na kuangalia ganda. Lenye kovu au dogo linakataliwa, na yaliyokataliwa yanaozea chini ya miti au yanaliwa na nguruwe. Ndani ni parachichi lile lile! Mafuta yake ndiyo yanayosaidia mwili kunyonya vitamini A iliyo kwenye mboga za majani na viazi lishe. Hatukuomba mtu pesa. Tuliomba yaliyokataliwa.

Ya pili ni vinyungu. Kwa wasiojua, kinyungu ni bustani ya bondeni tunayolima kiangazi, udongo unapokuwa na unyevu wake. Mvua huku ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili hivi, kwa hiyo bila kinyungu kuanzia Julai hakuna jani bichi. Kijiji kilitupa robo ekari bondeni. Tumepanda mnafu, figiri, majani ya maboga na viazi lishe vya rangi ya chungwa, Kabode na Mataya. Kiazi kimoja cha kawaida cha aina hiyo kinamtosha mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima.

Na mchango? Mchango tuliuhamisha mwezi. Zamani ulidaiwa Januari shule ikifunguliwa, wakati vihenge vya watu vimebaki nusu na mbolea inadaiwa. Sasa tunakusanya Julai na Agosti, mtu akiwa ndio kwanza anapukuchua. Hesabu tuliiandika ubaoni mbele ya mkutano: mtoto mmoja gramu 120 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa mlo, siku za masomo 194. Inakuja kilo 23 na ushee za mahindi, na karibu kilo 6 za maharage, kwa mwaka mzima. Mzazi akiona ni debe moja na kidogo, tena mwezi wa mavuno, habishani.

Nimeandika mengi. Naomba michango yenu, hasa walioko kwenye kamati kama zetu.

Baba Wanne

Mama, umeandika vizuri, ila suala la mchango umelipitia haraka. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 tulielewa hatudaiwi kitu tena shuleni. Miaka miwili baadaye michango ikarudi. Shule aliyokuwa anasoma mwanangu wa tatu, ambaye mzazi wake hajalipa alikuwa anakaa chini ya mti wenzake wakila. Mwanangu alikaa pale wiki mbili, nilikuwa nimeuguliwa na sina kitu. Hakuniambia. Nilisikia kwa jirani. Mpaka leo nikisikia "chakula shuleni" moyo unashtuka. Shule yenu mnawafanyaje wasiolipa?

Mama Kinyungu

Baba Wanne, pole sana ndugu yangu. Ulichoandika nimekisoma mara mbili.

Kilichoondolewa kilikuwa ada na ile michango ya lazima, chakula cha mtoto wa kutwa kikabaki mikononi mwa mzazi. Ila wakuu wa shule wengi waliogopa hata kukigusa, kwa hiyo sehemu nyingi sufuria zilizimwa. Nakubaliana nawe kwamba serikali ina nafasi kubwa zaidi ya kutimiza, na sitachoka kulisema.

Kwetu sheria ya kwanza ya kamati tuliyoiandika ni hii: sufuria ikifunuliwa, kila mtoto anakula. Mzazi anazungumza na kamati, mtoto hahusiki. Asiye na mahindi analeta kuni, au siku mbili za kazi kinyunguni, au mafungu ya mnafu. Wapo wajane wawili na bibi mmoja anayelea wajukuu ambao hatuwadai chochote, na jambo hilo linajulikana na wanakamati watatu tu. Majina ya wanaodaiwa hayabandikwi popote. Kinachobandikwa ni mapato na matumizi, kila mwezi, mlangoni pa stoo. Watu wengi wanaoitwa wagumu wa kuchangia ni watu waliokwisha kuchangia mahali wasione kilikokwenda.

Ticha wa Kongwa

Naunga mkono hoja, nikitokea Dodoma. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nina mawili matatu.

Moja, msijitazame ninyi wa mvua nyingi halafu mkasema ndiyo Tanzania. Kongwa mahindi yanakauka mwaka mmoja baada ya mwingine, na bado shule zinadai mchango wa mahindi. Chakula cha huku ni mtama na uwele. Tulihama kidogo kidogo: uji wa asubuhi ukawa wa uwele, na unga wa ubuyu. Mibuyu imejaa, watoto wanaumumunya ubuyu wa rangi na sukari kila siku, kumbe unga wake mweupe una vitamini C nyingi, na hiyo ndiyo inayoyatoa madini chuma kwenye nafaka na mikunde yakaingia kwenye damu. Ila usiuchemshe. Ipua uji kwanza, upoe kidogo, ndipo ukoroge ubuyu. Na mlenda mkavu unakaa stoo mpaka msimu mwingine.

Pili, sumukuvu. Mama Kinyungu umewapa watoto dona, ni jambo jema, lakini mahindi yakiwa na ukungu sumu nyingi inakaa kwenye pumba. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Ukienda dona, stoo yako iwe safi kuliko ya anayekoboa.

Tatu, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimelifanya. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilitupa mashamba ya shule, lakini sisi walimu tuliyageuza adhabu. Umechelewa, nenda shamba. Umepiga kelele, nenda shamba. Miaka mingi nilimfundisha mtoto wa mkulima kwamba jembe ni la mkosaji. Siku hizi shamba letu halipokei mtoto aliyekosa. Linapokea darasa zima, na mwalimu wa sayansi akiwa mbele.

Mama Kinyungu

Mwalimu, hilo la jembe limenigusa. Kesho nalipeleka kwenye kikao kama lilivyo.

Sumukuvu tunaijua kwa machungu. Mwaka wa kwanza mahindi yalipungua Januari, tukanunua kwa mfanyabiashara mmoja magunia tisa. Juu yalikuwa meupe kabisa. Mama mpishi alipofungua gunia la tatu aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa na kunusa, akasema "haya hayapikwi." Katikati palikuwa na joto, na punje zimeshikamana, za kijani-kijani. Wapo waliosema tuyaoshe, tuyaanike, tuyapike muda mrefu. Sumu ile haiishi kwa kuchemsha. Wakasema basi tuwape ng'ombe, na ng'ombe akiila, sumu inatoka kwenye maziwa. Tuliyafukia yote tisa. Nililia, sioni aibu kusema, maana ilikuwa fedha ya watu waliouza kuku.

Tangu siku ile hakuna gunia linaloingia stoo bila kupimwa kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi bila kuijaza, ibaki nafasi ya kutikisa, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, iache dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji, yarudi kwenye turubai juani. Ikidondoka chini yote, pokea. Watoto wa darasa la sita ndio wanaopima siku za mapokezi, na hakuna mzazi aliyewahi kubishana na mtoto mwenye chupa mkononi. Baada ya hapo yanaingia kwenye mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta.

Mtu wa Wote

Salamu kutoka mji wa Wote, Makueni, Kenya. Mada hii inatuhusu moja kwa moja. Hapa Ukambani mwaka 2004 sumu hiyo hiyo iliua watu 125, Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Nilikuwa mtoto wa shule. Nakumbuka wazee wakimwaga mahindi na sisi hatuelewi.

Kwetu mpango wa kununua chakula karibu na shule ulianza 2009, serikali ikawa inaipa shule pesa inunue yenyewe sokoni badala ya kungoja lori la msaada. Wazo ni zuri. Lakini shule ilipoitisha zabuni ya magunia themanini ya githeri (makande yenu), mkulima mwenye magunia matatu ya ndengu (choroko) angeingia wapi? Aliyeshinda alikuwa mwenye lori, na hayo mahindi huenda aliyatoa mbali kuliko wewe unavyodhani. Brazil walilifunga kwa sheria mwaka 2009: sheria hiyo ilitaka angalau asilimia 30 ya pesa ya taifa ya chakula cha shule inunue kwa wakulima wadogo wa familia. Sisi tulichofanya ni wakulima kuungana kikundi kimoja, stoo moja, mzani mmoja, na risiti moja. Mmoja mmoja hatungeuza hata kilo. Ninyi mnanunuaje?

Mama Kinyungu

Karibu sana jirani. Tulipita njia hiyo hiyo. Maharage ya watoto wote kwa mwaka ni magunia kama 22 ya kilo mia, mchango hauyafikishi, na pengo linajazwa na fedha ya kamati. Sasa tunaandikiana na kikundi cha akina mama 14 wa hapa hapa kijijini mapema, kabla hawajapanda, kwamba tutachukua kiasi fulani kwa bei ya soko ya siku ya kuvuna. Wanajua shule inataka maharage lishe, yale yenye madini chuma na zinki zaidi yaliyotolewa na watafiti wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, kwa hiyo ndiyo wanayopanda. Na nyumbani kwao yanabaki mengine. Mama mmoja aliniambia sasa anayapika na majani ya maboga na kipande cha limao, kwa sababu binti yake alikuja na somo la ubao akamkatalia chai juu ya maharage. Chai inazuia damu isipate chuma, huyo binti ndivyo alivyomweleza, na ndivyo ilivyo.

Kwa walio Tanzania: mwaka 2022 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mbele ya Rais Samia, na mkataba huo unashuka mpaka wilayani na kwenye kata. Utumieni. Nendeni halmashauri mkamwombe afisa lishe aje jikoni kwenu asubuhi moja. Msimwombe semina. Mwombeni akae na mpishi.

Baba Wanne

Nimeusoma wote. Mwanangu wa tatu, yule wa chini ya mti, sasa yuko sekondari. Wa nne ndiye aliye darasa la pili, na kamati ya shule yake inatafuta wajumbe. Nitaingia. Marando ya viazi lishe napata wapi? Niko Mufindi.

Mama Kinyungu

Mufindi si mbali, yatafika mabichi. Jumamosi hii tunapunguza bustani. Njoo na gunia la katani lililoloweshwa maji, siyo la nailoni, marando yanaungua humo. Nitakukatia vipande vya urefu wa futi moja, vyenye vifundo vitano au sita. Ukifika nyumbani viweke kivulini siku mbili vichipue mizizi, kisha vilaze kwenye tuta, theluthi mbili ya rando iwe ndani ya udongo. Gunia moja linatosha matuta ya kuanzia. Msimu ujao utakata ya kwako, umpelekee mwingine.

Nitumie ujumbe nikuelekeze pa kushukia.